Gari la Mtoto, Mashindano ya Baba

Kati ya Januari na Machi, katika kumbi za makanisa na za michezo za shule huko Marekani, huunganishwa njia ndefu ya alumini au mbao, ambayo kichwa chake kimeinuliwa na mkia wake umelala sakafuni. Kileleni hupangwa vigari vya mbao visivyo na injini wala betri. Kizuizi kikiondolewa, vigari vinaporomoka kwa uzito wake vyenyewe. Kwenye njia ya futi 42, ambayo ni ya kawaida siku hizi, mbio huisha kwa sekunde tatu hivi. Kwa ajili ya sekunde hizo, kuna nyumba ambazo taa ya karakana haijazimwa mapema wiki nzima.

Mashindano haya huitwa Pinewood Derby, na ni ya skauti wadogo, rika ambalo Kenya hulijua kama Sungura. Mwanzilishi wake ni Don Murphy, kiongozi wa kundi la skauti 280C katika mji wa Manhattan Beach, California. Mwanawe wa miaka 10 alitamani kuingia kwenye Soap Box Derby, ambako mtoto hujipakia mwenyewe katika gari lisilo na injini na kuteremka nalo, lakini umri haukumruhusu. Murphy, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya ndege ya North American Aviation, akabuni gari dogo la kuteleza bila dereva. Mbio za kwanza zilifanyika Mei 1953 kwenye njia ya futi 31. Mwishoni palifungwa vifaa vya kengele ya mlangoni, na taa ikiwaka ilionyesha nani kashinda. Mwaka uliofuata jarida la skauti, Boys' Life, lilitangaza mchezo huo, na nchi nzima ikaupokea.

Kila mtoto hupewa vitu vilevile: kipande cha msonobari chenye urefu wa inchi 7, magurudumu manne ya plastiki na misumari minne ya kuyashikilia. Gari lililokamilika lisizidi aunsi 5, karibu gramu 142. Hapo ndipo ujanja unapoanzia. Gari jepesi hukwamishwa zaidi na upepo, kwa hiyo kila mtu hutaka kufika aunsi 5 kamili, asipungukiwe hata chembe. Vipande vya risasi au tangsteni huzamishwa upande wa nyuma, kwa sababu kwenye mteremko nyuma ndiko juu, na uzito ulioanzia juu una safari ndefu zaidi ya kuporomoka. Misumari hupigwa tupa chini ya kichwa, ikasuguliwa kwa msasa laini mpaka ing'ae, kisha ikapakwa unga mweusi wa grafiti. Wako wanaoinua gurudumu moja la mbele lisiguse njia, yabaki ya kuzungushwa matatu tu. Baadhi ya makundi huliruhusu hilo, mengine hulipiga marufuku.

Siku ya mizani ina adabu yake. Gari lililozidi hutobolewa tumboni, lililopungua hubandikwa sarafu kwa gundi. Likishapita huwekwa mezani pamoja na mengine, na kuanzia hapo hata mwenyewe haruhusiwi kuligusa. Utaona papa, penseli, kipande cha pizza, na mbao iliyoachwa karibu vilevile ilivyotoka kwenye boksi, ikapakwa rangi tatu zilizoingiliana.

Hapo pia huonekana siri ambayo si siri. Gari limepakwa rangi ya kung'aa kama la dukani, na mwenye gari, mtoto wa miaka saba, hajui ndani yake mmewekwa nini. Watu hucheka na kunung'unika, ila mimi sioni kosa lote kuwa la baba. Mchezo ulibuniwa ili baba na mwana wakae kwenye meza moja ya kazi, na hakuna mwenye akili atakayemkabidhi mtoto wa miaka saba msumeno wa umeme. Ugumu ni kujua wakati wa kuuweka chini. Afadhali hata gari la baba kuliko la kununua likiwa limeshachongwa tayari, maana kwenye la baba mtoto alau aliona mbao ikichongwa. Mtoto wa kwetu aliyekunja waya na kukata ndara kuukuu apate magurudumu hakunyang'anywa koleo na mtu mzima. Lakini gari lake halikuwa na mizani, kanuni wala kombe.

Makundi yamejitungia dawa. Mengi huwa na siku ya karakana, ambapo mwenye vifaa huwafungulia wengine mlango, na mtoto asiye na baba nyumbani, au ambaye mama yake hana msumeno, naye akapata wa kumkatia. Tangu 2018 wasichana nao huingia rasmi katika skauti hawa wadogo. Tena, kwa kuwa njia moja huweza kuwa na kasi kuliko jirani yake, magari huzungushwa yapite njia zote, na kompyuta hujumlisha muda.

Lakini dawa inayonifurahisha ni mbio za wazazi, zinazoandaliwa na baadhi ya makundi baada ya zile za watoto. Huko kanuni hulegezwa: mmoja huja na gari zito kama tofali, mwingine amefunga pangaboi na betri. Wanabishana kuhusu misumari kwa sauti ambayo watoto wakiitoa wangekemewa. Watoto wenyewe wakati huo wameshapokea vyeti vyao, na wako kwenye meza ya keki.