Mzigo Unaotulia Bado Una Hatari

Ndugu mfanyakazi wa Kamatanda, nawe mama wa nyumbani, mzigo ukining'inia bila kucheza, usidhani hakuna nguvu inayouvuta. Nguvu zipo, ila zinalingana.

Tufanye hesabu. Gunia la mawe la kilo 50 linavutwa chini na uzito wake, karibu niutoni 500. Watu wawili wako juu, kila mmoja na kamba yake iliyoshuka wima. Mmoja anavuta niutoni 300, wa pili 200. Nguvu za upande mmoja tunazijumlisha: 500 kwenda juu. Za pande mbili zinazopingana tunazitoa: 500 toa 500, inabaki 0. Gunia linatulia.

Sasa kamba inamponyoka wa pili. Juu ni 300, chini ni 500. Nguvu inayobaki ni 200, nayo inaelekea chini. Kwa sekunde 1 tu gunia litashuka mita 2, hata kama mwenzake anaendelea kuvuta vilevile.

Kwa hiyo usipite wala kusimama chini ya mzigo unaoning'inia. Waonye pia watoto wanaocheza karibu na nyumba inayojengwa.