Kufuli Linamfunga Nani?

Wanachuo wenzangu, tukijaziwa nyimbo kwenye flashi pale kibandani, hela inabaki kwa mwenye kompyuta. Msanii haambulii kitu. Je, dawa ni kuweka kufuli la kidijitali?

Mwaka 2005 kampuni ya Sony BMG iliweka kwenye CD zake programu ya kuzuia kunakili. Ikajificha ndani ya kompyuta na kuwaachia virusi mwanya. Aliyeumia ni mnunuzi halali. Aliyepakua za wizi alisalimika! CD zikaondolewa sokoni. Mwaka 2009 Apple nao wakaondoa kufuli kwenye nyimbo za iTunes.

Mimi naona kufuli halimlipi msanii. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 1999 inataka anayenakili kibiashara apate ruhusa ya mwenye kazi. Tuanzie hapo: vibanda vilipie, nasi tununue.