Mnafu mtamu, mnafu wenye dawa

Siku za soko Tengeru, Jumatano na Jumamosi, mnunuzi wa mboga hasemi anatafuta mnafu “usio na sumu”. Anainama, anachambua majani mawili matatu, kisha anauliza, “Mama, huu si mchungu?” Akiambiwa ni mtamu, wanahamia kwenye bei.

Uchungu hauulizwi bure. Mnafu ni ukoo mmoja na nyanya, bilinganya na viazi mviringo, mimea inayojikinga kwa kemikali chungu kama solanini. Kwenye mnafu kemikali hiyo hujaa zaidi katika matunda mabichi ya kijani. Ndiyo maana wapishi huchuma machipukizi, hutupa vitunda, huchemsha na kumwaga maji ya kwanza, ndipo waunge kwa kitunguu, karanga au maziwa. Ulaya mboga hii imeponzwa na belladona, mmea wa ukoo huohuo wenye sumu nyingine kabisa, atropini. Huku kwetu watafiti wameipa heshima yake: World Vegetable Center, yenye kituo hapa Tengeru tangu 1992, ilishiriki kuzalisha aina za Nduruma na Olevolosi, zilizoidhinishwa mwaka 2011 na kupewa majina ya vijiji vya Arusha.

Siku hizi swali la pili ndilo gumu: “Umepigwa dawa?” Jibu zuri ni “hauna dawa”, na hapo dawa ndiyo sumu yenyewe. Wapo wanaochagua kwa makusudi majani yenye vitobo, kwa hoja kwamba kilicholiwa na mdudu hakimdhuru mtu. Mimi siikubali hoja hiyo. Kitobo kinaonyesha tu kwamba mdudu alipita. Huenda mkulima alipulizia kesho yake, tena kwa hasira.

Uchungu ulimi unaujua, dawa hauijui. Habari zake ziko kwenye chupa iliyobaki shambani: utepe wa rangi, nyekundu ukiwa wa hatari kubwa na kijani ukiwa wa hatari ndogo, pamoja na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Kwa kabichi, inayovunwa mara moja, kusubiri si kazi kubwa. Mnafu huchumwa na kuchipua tena, na mteja wa Jumatano anautaka tena Jumamosi. Lebo ikidai siku saba, mkulima anayeifuata amekosa masoko mawili.