Yaliyo Kando ya Njia Tusiyapite

Msafiri aondokaye Mjini Unguja kwa barabara ya kaskazini siku hizi huwa na haraka. Mwenyeji anawahi shamba kabla ya jua kuchwa. Mgeni anapelekwa moja kwa moja hadi fukwe za Nungwi na Kendwa. Lakini kati ya Malindi na Mangapwani, masafa ambayo gari huyamaliza kwa muda usiotimia saa moja, yapo mambo ya ajabu ambayo nchi nyingine zingeyaonea fahari kubwa. Leo tunawaomba wasomaji wetu, na hasa wakubwa waliokabidhiwa dhamana ya mambo ya kale, utalii na barabara, wapunguze mwendo wayatazame pamoja nasi.

La kwanza ni nguzo za Maruhubi. Nguzo hizo nene za mawe na chokaa zimejipanga karibu na bahari, wala hazina paa la kubeba. Seyyid Barghash alijenga kasri hapo mwanzoni mwa miaka ya 1880 kwa ajili ya masuria wake, na mwaka 1899 moto ukaiteketeza. Zimebaki nguzo, hamamu na mahodhi ya maji. Mtu asiyeelezwa anaweza kudhani kuwa ni nyumba ambayo haijamalizika kujengwa, kumbe ni nyumba iliyokwisha kumaliza umri wake.

Mbele kidogo yapo magofu ya Mtoni, kasri la Seyyid Said. Hapa ndipo alipozaliwa binti yake Salme mwaka 1844, ambaye baadaye alihamia Ujerumani na kuandika kumbukumbu zake, zikachapishwa mwaka 1886. Humo ameieleza nyumba hii kwa mapenzi: ua wake, mabirika yake ya kuogea, na benjile iliyotazama bahari. Moto uliiunguza nayo mwaka 1914, na katika Vita Kuu ya Kwanza ikageuzwa ghala.

Ukifika Bububu, watu watakwambia kuwa jina hilo ni mlio wa gari la moshi. Ni kweli kwamba reli ilikuwapo. Ilianza kazi mwaka 1905, ikitoka Ngome Kongwe na kupenya vichochoro vya Mjini hadi Bububu, mwendo wa maili saba, na ilifungwa mwishoni mwa miaka ya 1920. Lakini Salme alilitaja jina la Bububu katika kitabu chake karibu miaka ishirini kabla ya gari hilo kupiga mlio wake wa kwanza. Wapo wasemao kuwa ni sauti ya chemchem, na chemchem za Bububu ndizo zilizounywesha mji tangu zama za Barghash. Kila mwenye hadithi na ashike yake. Sisi tunasema tu kwamba gari la moshi lilikuta jina limekwisha kupewa mahali.

Kutoka hapo, njia ya kuelekea mashamba ya mikarafuu humfikisha msafiri Kidichi, penye hamamu nyeupe yenye makuba, iliyojengwa mnamo mwaka 1850 kwa ajili ya Shehrzad, mke wa Kiajemi wa Seyyid Said. Ndani yake kuta zimepambwa kwa chokaa iliyofinyangwa kwa mtindo wa kwao: maua, miti na ndege.

Mwisho wa safari ni Mangapwani, nako kuna mambo mawili ya chini ya ardhi. Moja ni pango lenye maji baridi; husimuliwa kwamba kijana mchungaji aliligundua alipomsikia mbuzi wake aliyepotea akilia kutoka chini ya miguu yake. La pili si la kufurahisha. Ni chumba kilichochongwa katika mwamba, ambamo watumwa walifichwa baada ya biashara hiyo kupigwa marufuku kwa mkataba wa mwaka 1873. Anayetoka kwenye mwanga wa jua akashuka ngazi zile hahitaji hotuba.

Yuko atakayeuliza: makasri ya masultani yana faida gani kwetu, hali utawala wao ulikoma mwaka 1964? Jawabu letu ni kwamba mawe yale yalibebwa, na chokaa ile ilichomwa, kwa mikono ya watu ambao majina yao hayakuandikwa popote. Ukuta ukianguka, ushahidi wa jasho lao huanguka pamoja nao. Nguzo za Maruhubi na chumba cha Mangapwani ni kurasa za kitabu kimoja, wala haifai kusoma ukurasa mmoja na kuuchana wa pili.

Wala hatari si ya kufikirika. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka, nalo ni jengo lililosimama mbele ya macho ya mji mzima. Ikiwa hilo limetufika Forodhani, magofu ya shamba yatasalimika kwa nini? Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa kale haujengwi mara ya pili.

Kwa hiyo tunatoa rai. Kila mahali pawe na kibao kinachosomeka, Kiswahili kikitangulia, na pahala pa gari kuegeshwa kwa salama. Nyufa zizibwe na magugu yang'olewe kabla ya kila masika. Vijana wa shehia husika wafunzwe kuongoza wageni, na sehemu ya kiingilio ibaki kijijini. Walimu nao wawapeleke wanafunzi. Nasi wananchi tuache kuchukua mawe na kuchora majina ukutani. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji atapona vipi ikiwa cha kumwonyesha mgeni kimekwisha kuanguka?