Jasho la Masomo Lisimwagike Njiani

Mkulima wa Mbinga apelekapo kahawa yake kwenye chama cha msingi, kahawa hupimwa, naye hupewa stakabadhi, kisha hurudi nyumbani ametulia moyo. Kilo zilizokwisha kupimwa hazipimwi upya kwa sababu karani amebadilika. Kama angeambiwa, "Mzee, karani wa zamani amehama, rudi shambani ukachume tena," pangekuwa na kelele kijiji kizima, na kelele hizo zingekuwa za haki.

Basi yafaa tuulizane: kwa nini jambo tusilolikubali kwenye mizani ya kahawa twalikubali kwenye masomo ya watoto wetu?

Tumfikirie mzazi wa Liparamba, kule kusini karibu na mpaka wa Msumbiji. Ameuza mahindi na mbuzi ili binti yake afike chuoni. Binti amesoma mwaka mzima na amefaulu. Halafu hutokea sababu ya kuhama: maradhi, ada iliyopanda, au chuo chenyewe kufungwa. Afikapo chuo kipya huambiwa aanze tena mwaka wa kwanza. Hapo jasho la ukoo mzima limemwagika njiani. Na kama alisoma kwa mkopo wa serikali, mwaka ule uliopotea nao utadaiwa kama miaka mingine.

Asitokee mtu akasema kwamba hayo ni mambo ya kufikirika. Watu wa Ruvuma wameyaona kwa macho yao. Mwezi wa Februari 2016, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania ilifuta vibali vya vyuo vishiriki viwili vya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yosefu vilivyokuwa Songea, kimoja cha kilimo na kimoja cha teknolojia ya habari, ikaagiza wanafunzi wahamishiwe vyuo vingine. Kusimamia ubora ni wajibu wa Tume, wala hatuulaumu wajibu huo, maana chuo kisichotimiza masharti humdhulumu mwanafunzi. Lakini siku ile kila kijana aliyefunga sanduku lake alikuwa na swali moja moyoni: miaka yangu itahesabiwaje?

Kipimo cha kuihesabu kipo. Elimu ya juu ya nchi yetu hupimwa kwa krediti. Krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi: kusikiliza mafundisho, kusoma peke yake, kufanya mazoezi na mitihani. Mwaka mmoja wa masomo huhesabiwa kuwa krediti 120, na shahada ya miaka mitatu haipungui krediti 360. Ndiyo kusema, mwaka mmoja ni saa 1,200 za kazi. Mfanyakazi wa kiwandani ajua uzito wa hesabu hiyo: ni siku 150 za saa nane nane. Nani atakayekubali kufanya kazi siku 150 kisha daftari la mahudhurio litupwe?

Wala fikira ya elimu ya chuo kimoja kutambuliwa na kingine si ngeni kwetu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria na wanafunzi wasiofika 20. Mwaka 1963 kiliungana na Makerere na Nairobi kuwa Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki, na Mwalimu Nyerere akawa Mkuu wake wa kwanza. Katika miaka ile kijana aliyetaka sheria alikuja Dar es Salaam, aliyetaka udaktari alikwenda Makerere, na aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi. Shahada ilikuwa moja, na mpaka haukuipunguza thamani. Mwaka 1970 ndugu hao watatu waligawana nyumba, kila mmoja akawa chuo kikuu cha nchi yake. Mwaka 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu, ili masomo na shahada vitambulike tena kutoka nchi moja hadi nyingine. Lakini tangazo la wakuu halimfai kitu binti wa Liparamba ikiwa vyuo viwili vya nchi moja havisomi daftari moja.

Hata hivyo, haki ina pande mbili. Chuo kinachompokea mwanafunzi ndicho kitakachoweka muhuri wake kwenye shahada, kwa hiyo kina haki ya kukagua. Majina ya masomo huweza kufanana, na yaliyofundishwa yasifanane. Hatutaki mganga asamehewe somo la maungo ya mwili kwa sababu mahali pengine alisoma kitu chenye jina la karibu. Atakayelipia kosa hilo ni mgonjwa. Tunachokidai ni kwamba ukaguzi ufanywe somo kwa somo, kwa muda uliowekwa, na chuo kinapokataa somo kieleze sababu kwa maandishi. Kukataa mwaka mzima kwa neno moja la mdomo si ukaguzi, ni uvivu wa ofisi.

Na vijana nao wana wajibu wao. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mwanafunzi aitunze hati ya matokeo yake yenye muhuri, pamoja na maelezo ya mada zilizofundishwa katika kila somo. Asisubiri siku ya kuhama, maana chuo kikifungwa, ofisi ya kuomba hati huwa imefungwa pia. Na kabla ya kulipa ada ya chuo kipya, adai jibu la maandishi: krediti ngapi zimekubaliwa, na zipi zimekataliwa?

Viongozi wa matawi wayaeleze haya katika mikutano, hasa huko vijijini ambako mzazi hana jamaa wa kumwuliza. Mzee wa Liparamba aijua stakabadhi ya kahawa na huificha mahali pa salama. Afundishwe kwamba karatasi ya matokeo ya binti yake nayo ni stakabadhi. Na vyuo vikumbuke kwamba stakabadhi halali huheshimiwa.