Nyasi Tunazozitupa na Mashine Inayozirudisha Ardhini

Kalamu yangu leo haielekei kwenye ushairi wala ngeli, mambo ambayo wanachama wenzangu wameyashughulikia vilivyo katika kurasa nyingine. Inaelekea nyuma ya jiko, kwenye lile lundo la nyasi. Kila muhula tunakata nyasi za uwanja, tunazikusanya kwa reki, tunazibeba kwa toroli na kuzimwaga pale zichomwe moto. Halafu tunashangaa mbona mteremko wa chini ya uwanja umebakia kipara, na mbona mvua ya Sotik ikinyesha maji mekundu yanateremka kuelekea Kipsonoi. Nasema waziwazi: kile tunachokitupa ni chakula cha udongo, na iko mashine iliyoundwa makusudi ili kisitupwe.

Hebu tupige hesabu kidogo. Nyasi mbichi ni maji kwa kiasi kikubwa, takriban asilimia 80. Kwa hivyo kilo 100 zikikauka hubakia kilo 20 hivi. Tukikisia kwamba asilimia 3 ya hizo ni naitrojeni, tunapata gramu 600. Sasa, mtoto wa mkulima wa chai anaujua mfuko wa NPK 26:5:5. Katika kilo 50 za mbolea hiyo mna kilo 13 za naitrojeni. Basi kilo 100 za nyasi zina naitrojeni sawa na ile iliyomo katika kilo 2 na ushei za mbolea ya dukani! Kweli, ya nyasi haiji kwa siku moja; hutoka polepole, vijidudu vya udongoni vikizidi kuziozesha. Lakini inakuja, na hailipiwi.

Watu wa chai wanalijua jambo hili tangu zamani. Chai ikipogolewa, aghalabu kila baada ya miaka 3 au 4, wataalamu hushauri matawi na majani yaachwe papo hapo katikati ya mistari yawe matandazo. (Kwamba kuna wanaopita jioni kuyaokota yawe kuni, hayo ni mengine.) Sasa mbona lililo sawa shambani lisiwe sawa uwanjani?

Nije kwenye mashine yenyewe. Mashine ya kwanza ya kukata nyasi ilibuniwa na Mwingereza Edwin Budding mwaka wa 1830, kwa kuiga mtambo wa kiwandani uliokuwa ukinyoa vitambaa. Hiyo hukata kama mkasi. Hizi za injini tunazoziona kwetu kwa kawaida ni za aina nyingine: kisu kimoja kirefu kimelala chini ya bati lenye umbo la sufuria iliyofudikizwa, nacho huzunguka kama feni. Kisu cha sentimita 50 kikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ncha yake huenda kwa kasi ya zaidi ya kilomita 280 kwa saa. Ndiyo maana jiwe dogo likiguswa hutoka kama risasi, na ndiyo maana hakuna mkono unaoingia chini ya bati kabla injini haijazimwa na waya wa plagi kung'olewa.

Mkia wa kisu umekunjwa kuelekea juu kama bawa. Bawa hilo huvuta hewa, hewa husimamisha nyasi, ncha hukata, kisha upepo ule ule huvitupa vipande nje kupitia mlango wa pembeni. Hapo ndipo yanapotokea yale mafungu marefu tunayoyakusanya.

Mashine ya matandazo haina mlango huo, au una kizibo. Mfikirie mahindi katika mashine ya posho: hayatoki kwa sababu chekeche inayazuia, nayo nyundo zinaendelea kuyapiga mpaka yalainike. Hapa hakuna chekeche. Kazi hiyo hufanywa na hewa. Bati limeinuliwa zaidi juu ya kisu ili pawe na nafasi ya vipande kuruka na kuzunguka, na mara nyingi ndani yake mna vizuizi vya kuvirudisha kwenye makali. Kisu nacho kimepindwapindwa na kina makali marefu zaidi: sehemu moja inainua, nyingine inasukuma chini. Kipande hukatwa mara ya pili, ya tatu, hata zaidi, hadi kiwe kidogo cha kupenya katikati ya nyasi zilizosimama na kufika udongoni. Ukipita hapo huoni kitu.

Lakini wacha niseme ukweli, mashine hii ina madeko yake. Haipendi nyasi ndefu, na haipendi nyasi mbichi zenye maji. Nyasi zikiwa zimelowa hugandamana chini ya bati kama ugali kwenye sufuria, hewa inakosa njia, injini inalia, na mabonge yanaanguka yakifunika nyasi hai hadi zinageuka manjano. Sheria ni kukata theluthi moja tu ya urefu kwa wakati mmoja. Mchumaji wa chai hatashangaa, maana yeye huchukua majani mawili na chipukizi, kisha anarudi tena baada ya siku chache.

Kwetu tatizo ni kubwa zaidi kwa sababu ya nyasi za kikuyu. Hizi ni za nyanda zetu za juu, zikapelekwa hadi Australia na Afrika Kusini, na huko pia hazishikiki! Mvua ikikolea, wiki tatu tu zinakuwa zimefika magotini. Zikifika hapo usilete mashine ya matandazo. Zikatwe kwanza kwa slasha, zichukuliwe zikiwa safi zipewe ng'ombe siku hiyo hiyo, na samadi irudi uwanjani. Mashine ianze juma linalofuata.

Kuna wanaosema ati tuzibe tu mlango wa mashine kuukuu. Fundi wa jua kali anaweza kutengeneza kizibo kizuri cha bati, sina wasiwasi naye. Ila kisu cha kawaida chini ya bati lililozibwa hujaza nyasi upesi, na kisu cha kuchomelea kikiwa kizito upande mmoja kitatikisa mashine mpaka mhimili upinde. Kisu kinunuliwe kile kilichotengenezwa kwa mashine hiyo, na kinolewe kwa usawa pande zote mbili.

Halafu kuna suala la saa. Sisi hukata saa kumi alasiri, wakati wa michezo, na huku kwetu mvua nyingi hunyesha mchana na jioni. Wakati unaofaa ni Jumamosi saa tano asubuhi, umande umekauka na mawingu hayajakusanyika.