Steven Kanumba: Mwigizaji wa Shinyanga Aliyeitazama Lagos

Steven Charles Kanumba alizaliwa Shinyanga tarehe 8 Januari 1984. Alisoma Shule ya Msingi Bugoyi mjini humo, kisha akaenda Sekondari ya Mwadui, jirani na mgodi wa almasi ulioanzishwa na Mkanada John Williamson katika miaka ya 1940. Uigizaji aliuanza kanisani, huko huko nyumbani, kabla ya kuhamia Dar es Salaam na kumaliza kidato cha sita Sekondari ya Jitegemee. Alipofariki mwaka 2012 alikuwa na umri wa miaka 28 tu. Kazi yake kubwa yote iliingia ndani ya miaka kumi.

Miaka hiyo ilianzia Kaole Sanaa Group, alikojiunga mwaka 2002. Kaole kilikuwa kikundi cha maigizo kilichojulikana nchi nzima kupitia televisheni ya ITV, na kundi zima la mastaa wa baadaye lilipita hapo, wakiwemo Vincent Kigosi, maarufu kama Ray, na Blandina Chagula, yaani Johari. Kikundi kama hicho kilikuwa na desturi iliyotoka katika maigizo ya majukwaani: mara nyingi waigizaji hawakupewa maneno yaliyoandikwa. Walielezwa kisa, wakaambiwa nani ni nani na tukio linaishia wapi, kisha kila mmoja akatunga maneno yake papo hapo. Anayefundishwa hivyo hujifunza kumsikiliza mwenzake, kwa sababu asiposikia hana la kujibu. Kanumba alitokea hapo, na ndiyo maana hata katika filamu dhaifu, ambazo zilikuwepo, mazungumzo yake yalisikika kama ya mtu anayezungumza kweli. Tamthilia za Jahazi na Dira ndizo zilizolifanya jina lake lizoeleke majumbani.

Wakati huo biashara ya filamu za Kiswahili ilikuwa ndiyo kwanza inachipua. Mwaka 2003 ilitoka Girlfriend, filamu ambayo wengi huihesabu kuwa mwanzo wa kile kilichokuja kuitwa Bongo Movie. Watazamaji tayari walikuwapo, lakini walikuwa wa filamu za watu wengine. Katika miji midogo na kambi za wachimbaji wa ukanda wa Geita, Kharumwa ikiwemo, sinema ilikuwa kibanda cha mabati au maturubai, televisheni moja, jenereta nyuma ya ukuta na viti vya mbao. Palioneshwa za Wachina, za Wahindi na za Wamarekani, na kuanzia miaka ya 2000 za Wanaijeria zikajaa. Wapo waliozitafsiri kwa sauti juu ya picha, na maarufu kuliko wote alikuwa Lufufu wa Dar es Salaam, aliyesimulia kisa kizima kwa Kiswahili huku akitia chumvi yake.

Hapo ndipo Kanumba alipopiga hatua iliyomtenga na wenzake. Wengine waliziona filamu za Nigeria kama mshindani. Yeye aliwafuata Wanaijeria wenyewe. Mwaka 2006 aliigiza katika Dar 2 Lagos, filamu ya mtayarishaji Mtitu Game iliyoongozwa na Mnaijeria Femi Ogedegbe, akiwa na Mercy Johnson. Kwa mara ya kwanza Mtanzania wa kawaida alimwona mtu wake akisimama mbele ya kamera moja na nyota wa Nollywood, wala haoneshi kuzidiwa. Baadaye alimleta nyota mwingine wa Nigeria, Ramsey Nouah, katika Devil Kingdom. Kisa cha filamu hiyo, mapatano na shetani kwa ajili ya utajiri, kiliwagusa sana watu wa maeneo ya machimbo, ambako mtu akipata fedha ghafla, njia alizozipatia hazikosi kuzungumzwa.

Majina ya Kiingereza katika filamu zake, na maongezi ya Kiingereza katikati ya Kiswahili, yalitokana na hamu hiyo ya kutazamwa nje. Alipoalikwa katika jumba la Big Brother Africa mwaka 2009, Kiingereza chake kilichekwa sana na magazeti ya nyumbani. Kejeli hizo hazikuwa za haki. Aliyekwenda kule alikuwa mwigizaji aliyeipeleka kazi ya Kiswahili mahali ambapo haikuwa imefika.

Ufundi wake unaonekana vizuri zaidi katika upana wa nafasi alizocheza. Katika Oprah ya mwaka 2008, akiwa na Ray na Irene Uwoya, alikuwa mpenzi katika pembe tatu ya mapenzi, aina ya kisa ambacho kila mtayarishaji alikitaka kwa kuwa kiliuza. Angeweza kubaki hapo. Badala yake, katika Uncle JJ na This Is It alicheza na watoto, akakubali kushindwa nao, kudanganywa nao na kuchekwa nao. Si kila staa hukubali mtoto amfunike mbele ya kamera. Filamu hizo zilikaliwa sebuleni na familia nzima, bila mzazi kukimbilia rimoti.

Kwa upande wa biashara alianzisha kampuni yake, Kanumba The Great Film, akawa mtayarishaji na mwongozaji wa kazi zake. Hata hivyo, soko lilikuwa na mlango mwembamba. Msambazaji, hasa Steps Entertainment, alikuwa akinunua filamu pamoja na haki zake kwa malipo ya mara moja, na baada ya hapo mauzo ya DVD hayakumhusu tena aliyeitengeneza. Wezi wa kazi nao walinakili diski na kuziuza kwa bei ya kutupa. Msanii aliyetaka kuishi ilimbidi atoe filamu nyingine haraka, na ubora wa kazi nyingi za wakati huo uliathirika kwa sababu hiyo.

Kanumba alifariki usiku wa kuamkia tarehe 7 Aprili 2012 nyumbani kwake Sinza, baada ya kuanguka wakati wa ugomvi na mwigizaji mwenzake. Uvumi uliomhusisha na Freemason, kwa kisingizio cha Devil Kingdom, ulienea upesi. Mahakamani kilichojadiliwa ni jeraha la ubongo, na mwaka 2017 Mahakama Kuu ilimtia mwenzake huyo hatiani kwa kuua bila kukusudia. Maelfu kwa maelfu walifurika viwanja vya Leaders kumuaga, akiwemo Makamu wa Rais Mohamed Gharib Bilal, na akazikwa makaburi ya Kinondoni. Filamu yake Ndoa Yangu ilifika sokoni mwenyewe akiwa tayari ameondoka.

Mwaka 2013 Serikali ilianza kutumia stempu za kodi kwenye kazi za muziki na filamu, hatua ambayo wasanii walikuwa wakiidai ili kudhibiti wizi wa kazi zao. Soko la DVD nalo halikudumu: simu na mtandao vililimaliza, na leo filamu za Kanumba hutazamwa zaidi YouTube.